Uso Uliofika Numazu

Wiki iliyopita tulimwacha Ine Murakoshi ofisini kwa Bwana Obata, mwenye studio, mgongo umegusa ukuta, na mbele yake wanaume saba waliovaa kimono za kike. Hao saba ndio waliocheza wanawake katika kila filamu ya Obata tangu studio ilipofunguliwa pembezoni mwa Tokyo. Walikuwa wamevua wigi zao na kuzipanga juu ya meza ya bosi, moja baada ya nyingine, kama vichwa vilivyokatwa. Kiongozi wao, Nakagiri Umejiro, alikuwa ametamka sentensi moja tu: ama huyu binti anaondoka kabla ya chakula cha mchana, au tunaondoka sisi.

Obata alivuta sikio lake la kushoto, kama alivyozoea kufanya akikwama. Akazitazama wigi. Akamtazama Ine. Halafu akamgeukia Hirayanagi, mwongozaji wa filamu, akamuuliza leo wanapiga onyesho gani.

Hirayanagi akasema ni lile la mama anayemkabidhi mwanawe kwa watu wa ukoo wa mumewe, mlangoni, kisha anaachwa peke yake.

"Lipige mara mbili," Obata akasema. "Mara moja na Umejiro, mara moja na binti. Kesho tutakaa chumba cha giza tutazame. Atakayeshindwa asiniletee maneno."

Umejiro akatabasamu. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kwa miaka kumi na miwili hakuna mwanamke Tokyo aliyeliliwa na watu kama mwanamke aliyechezwa na yeye. Akachukua wigi yake, akainama kwa adabu, akatoka kwa hatua ndogondogo kama bibi harusi.

Ine alibaki akihesabu pumzi zake. Kati ya maonyesho yote duniani, kwa nini liwe lile?

Maana kuna jambo ambalo studio nzima haikulijua. Mabango ya Obata yalimtangaza kwa jina la Serizawa Chiyono, miaka kumi na tisa, hajaolewa. Ukweli ni kwamba alikuwa na ishirini na sita, na ni mjane. Mumewe, Seizo Murakoshi, alikufa katika mwaka ule wa homa kubwa, na baada ya siku arobaini na tisa za matanga yake mama mkwe akamfungia Ine sanduku lake la nguo, akamtoa nyumbani, mtoto akabaki naye. Mtoto alikuwa Fusa, wa miaka miwili. Sasa ana sita. Yuko Numazu, katika nyumba ya wauza samaki wakavu, na mama mkwe, Bi Otsune, alikwisha kusema kwamba mwanamke atakayefanya kazi ya aibu asikanyage kizingiti chake.

Na kazi gani ilikuwa ya aibu kuliko hii?

*

Umejiro alianza. Jua lilipita kwenye paa la vioo likamwangukia mabegani, na watu wote wa studio wakaja kutazama. Binti wa mtengeneza wigi alikuwa ndiye mtoto wa onyesho. Umejiro akapiga goti, akamvuta mtoto kifuani, akauma ukingo wa mkono wa kimono ili kilio kisitoke, na kilio kikatoka machoni. Mtoto alipochukuliwa, Umejiro aliyumba, akashika nguzo, akateremka nayo polepole hadi sakafuni.

Mafundi seremala juu ya ngazi waliacha misumari yao. Mmoja alivua kitambaa cha kichwani akafuta uso. Ine mwenyewe alilia. Alijua amekwisha.

Zamu yake ikafika. Hirayanagi akamwambia alie, watu wa majumba ya sinema ya Asakusa wanalipa kiingilio ili waone machozi. Mzungusha kamera akashika mkono wa mashine, ikaanza kukereza.

Ine akapiga goti mbele ya yule mtoto. Akamfunga kamba za kofia chini ya kidevu. Akaona hazikukaa sawa, akazifungua, akazifunga tena. Akazifungua mara ya tatu. Mikono ya watu ikaingia kwenye picha, ikamchukua mtoto. Mikono ya Ine ikabaki hewani, imeshika kamba isiyokuwapo. Akaitazama. Akaishusha. Basi.

Hirayanagi akaamuru mashine isimame. "Ndiyo hayo tu?"

"Ndivyo ilivyokuwa," Ine akajibu, na papo hapo akatamani kulimeza neno lile.

Mwongozaji hakuligundua, alikuwa anakuna kichwa kwa hasara ya filamu. Mafundi walirudia misumari yao. Lakini Umejiro, aliyekuwa kando akifuta poda, aliacha kufuta.

*

Ine hakwenda kula. Alifungasha sega lake na kimono yake ya akiba, akalifungua furushi, akalifungasha upya, akatoka uani. Alizunguka ghala la mandhari mara nne. Mtu akikaa anafikiri, na yeye hakutaka kufikiri.

Umejiro alimkuta hapo nyuma, amevaa kimono ya kike lakini kichwa kitupu, mitalawanda yake ikigonga mawe. Hakumzomea. Alimuuliza kwa sauti ya kawaida, ya kiume, ambayo Ine hakuwahi kuisikia.

"Ilikuwa wapi?"

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema uongo, alikuwa mzoefu. Lakini miaka minne hakuna aliyemuuliza. Akasema yote kwa mkupuo mmoja: Numazu, duka la Murakoshi karibu na mto, mama mkwe, Fusa, kofia ya rangi ya zambarau. Umejiro alisikiliza huku akichezea ukingo wa mkono wake. Hakusema pole. Aliinama kidogo, akaondoka.

Ndipo Ine alipotambua amefanya nini. Amempa adui yake kisu, tena amemwelekeza pa kuchoma.

*

Kesho yake wakakaa chumba cha giza, kitambaa cheusi dirishani, moshi wa sigara ya Obata ukielea. Kipande cha Umejiro kikatangulia.

Sijui niwaambieje. Kila kitu kilikuwa kilekile, goti, mkono wa kimono, nguzo. Lakini Hirayanagi alikuwa ameisogeza kamera karibu, na uso uliojaa ukutani ulikuwa wa mtu mwingine. Poda haikuficha kivuli cha wembe. Alipomeza kilio, kongoromeo lilipanda na kushuka kama panya ndani ya soksi. Fundi yule aliyelia jana alikohoa, akaangalia chini. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, akanyamazishwa.

Kikaja cha Ine. Kamba, kofia, kamba tena. Ile mikono. Halafu uso wake karibu, mkubwa kuliko mlango, usiofanya chochote, na huwezi kuuacha hata ukitaka.

Mashine ilikwisha, ukuta ukawa mweupe, na hakuna aliyewasha taa.

Umejiro ndiye aliyesimama kwanza. "Yule mwanamume," akasema taratibu, "ana shingo ya mwanamume."

Wenzake sita walianza kupinga, wakidai kamera imekaa vibaya, mwanga mbaya, turudie. Yeye aliwaambia wasijitie aibu zaidi. Akaenda mlangoni. Alipofika kwa Ine akasimama, na Ine akaona macho yake yamekauka kabisa.

"Umenifukuza bila hata kutoa chozi," akamwambia. Akavaa mitalawanda yake. "Numazu, ulisema?"

Akatoka.

*

Miezi mitatu ikapita, na katika miezi hiyo Ine alihama chumba mara tatu.

Filamu ilitoka Asakusa, watu wakajipanga hadi kwenye duka la mkate wa maharage. Bango lilikuwa uso wake mtupu. Alikuwa amemwomba Obata asiuweke uso, aweke hata mlima, hata mti, na Obata alicheka hadi akavuta masikio yote mawili. Wasichana wa ofisini walianza kufunga nywele kama zake. Mwanamke mmoja alimtemea mate kwenye tramu. Mwingine, siku hiyohiyo, alimshika mkono asiuachie mpaka kituo cha mwisho.

Ine hakufurahi wala hakuhuzunika. Alikuwa kama mtu anayengoja kugongewa mlango. Akisikia Umejiro ametajwa, anasogea karibu asikie. Wengine walisema karudi kwenye majukwaa ya mikoani. Wengine walisema amenyoa kichwa, ameingia hekaluni.

Barua ilimfikia Ijumaa asubuhi, mwandiko mzuri mno kwa mkono wa mwanamume.

"Jumamosi, saa saba mchana, ukumbi wa sinema wa Numazu karibu na daraja. Watakuonyesha wewe. Msimulizi ni mimi. Nimewaalika watu wawili wa nyumba ya Murakoshi, safu ya mbele. Ukitaka wasisikie habari zako kwa mdomo wangu peke yangu, njoo. Umejiro."

Ine aliisoma amesimama. Kumbe ndiko alikokwenda. Na filamu yenyewe haina sauti. Msimulizi jukwaani ndiye anayewapa watu wa kwenye picha maneno. Akitaka mama alie, atalia. Akitaka mama awe malaya aliyemuuza mwanawe, ukumbi mzima utaamini, na Fusa ameketi safu ya mbele.

Alimfuata Hirayanagi, akamwambia kesho hatakuja. Hirayanagi akamkumbusha kwamba mvua imenyesha siku tisa mfululizo, kwamba kesho ndiyo siku ya jua, kwamba watu arobaini wanamngoja yeye chini ya paa la vioo, na kwamba Obata ana wasichana watatu wapya wanaojipaka poda tangu alfajiri.

"Ukipanda treni hiyo," akasema, "jina la Serizawa Chiyono nitampa mwingine. Uso wako tu ndio siwezi kumpa."

"Mpe," Ine akasema. "Halikuwa langu."

*

Treni iliondoka asubuhi. Huko Kozu waliongeza injini ya pili kwa ajili ya mlima, na mabehewa yakapanda kuelekea Gotemba kwa mwendo wa mgonjwa. Ine alinunua chai katika birika dogo la udongo, ikapoa mkononi bila kunywewa. Aliketi upande wa dirisha, akahamia upande wa korido, akasimama mlangoni. Mzee mmoja akamwambia kwa upole kwamba kusimama hakutaifikisha treni mapema.

Alipanga maneno. Kama Umejiro atamtukana, atapanda jukwaani. Kama mama mkwe atapiga kelele, atapiga magoti. Kama Fusa atamkimbia... Hapo maneno yaliisha, akaanza upya.

Alifika ukumbini taa zimeshapunguzwa. Alivuta mtandio hadi kwenye nyusi, akakaa safu ya nyuma kabisa, kwenye mkeka, karibu na mahali pa viatu. Ukumbi ulinuka samaki na machungwa.

Akawaona.

Bi Otsune alikuwa amekonda. Mgongo ulikuwa bado wima, ila nywele zilikuwa nyeupe zote. Kando yake palikuwa na kichwa kidogo, nywele zimekatwa mraba usawa wa masikio. Fusa alikuwa anakula kiazi kitamu cha kuchoma, na kila akimega alimpa bibi yake kwanza. Ine alilazimika kuushika mkeka kwa vidole ili asisimame.

Umejiro akapanda jukwaani. Hakuwa na poda. Alivaa kiume, nguo nyeusi ya heshima, nywele amekata fupi, na shingo ile iliyomfukuzisha kazi ilikuwa wazi bila kuficha. Alitazama watu, na Ine angeapa kwamba macho yalifika hadi safu ya nyuma yakatua juu yake.

Filamu ikaanza, naye akaanza.

Jamani, huyu mtu alikuwa na sauti. Alisema maneno ya mume, ya mzee, ya mfanyabiashara mlevi, kila mmoja na koo lake. Ilipofika zamu ya mama, alisema kwa sauti ya mwanamke, tena si ile ya jukwaani ya kubembeleza. Ilikuwa nyembamba, yenye haraka, ya mtu anayezunguka ghala akisema yote kwa mkupuo mmoja. Ine alishika mdomo. Ilikuwa sauti yake yeye. Umejiro alikuwa ameichukua siku ile uani na kuondoka nayo.

Basi sasa, Ine akawaza, sasa ndipo atakapochoma.

Onyesho la mlangoni likafika. Mama akapiga goti mbele ya mtoto. Umejiro akafunga kijitabu chake, akarudi nyuma hatua mbili hadi gizani.

Hakusema neno.

Ukumbi ulingoja. Msimulizi hanyamazi, watu wamekuja kumsikia yeye kama walivyokuja kuona picha. Mtu akanong'ona kwamba labda amesahau. Hapakuwa na sauti ila mashine, na pale mbele, kubwa kuliko nyumba, mikono ya Ine ikafunga kamba za kofia, ikazifungua, ikazifunga, ikabaki hewani.

Katika kimya kile sauti ya mtoto ilisikika hadi nyuma.

"Bibi, mbona yule mama halii?"

Watu wachache walicheka. Bi Otsune hakucheka. Alipojibu, hakuwa anamjibu mtoto peke yake.

"Sikumpa nafasi," akasema.

*

Taa ziliwashwa. Watu wakaanza kutafuta viatu, wakipita juu ya miguu ya Ine, wakimwomba radhi bila kumwangalia. Aliyekuwa na uso mkubwa kuliko nyumba sasa alikuwa mwanamke mdogo mwenye mtandio. Angeweza kutoka. Mlango ulikuwa hatua tatu, na treni ya kurudi Tokyo ipo. Badala yake akauvuta mtandio chini zaidi.

Bi Otsune alikuwa ameinuka na kugeuka. Hakutafuta. Alikuja moja kwa moja kati ya mikeka, Fusa mkononi, watu wakimpisha kwa kuwa ni mtu wa heshima mjini, na alisimama mbele ya Ine kwa umbali wa mkono.

"Mtandio huo nilikununulia mimi," akasema.

Ine aliinama hadi paji likagusa mkeka. Alianza kuomba msamaha, kwa kazi, kwa jina, kwa uso wake kubandikwa kwenye kuta. Bi Otsune alimngoja amalize kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Yule bwana alikuja dukani siku kumi zilizopita," akaendelea. "Akanunua samaki asiowataka, akakaa saa mbili. Nilidhani amekuja kukusema vibaya, na ukweli ni kwamba nilikuwa tayari kumsikiliza. Akaniambia, Mama, mimi nimepoteza kazi ya maisha yangu kwa sababu ya jambo ulilolifanya wewe mlangoni pako. Njoo basi walau ulione." Akaushika mkono wa Fusa kwa nguvu zaidi. "Nimeliona."

Jukwaani, Umejiro alikuwa anakunja karatasi zake kwa uangalifu mkubwa kuliko karatasi zilivyohitaji.

"Mama," Ine akasema. Ndilo neno lililokuja.

"Usiniite bado. Hujasikia lililo baya." Sauti ya mama mkwe ikashuka. "Mtoto alikuulizia mwaka mzima. Usiku, mchana, akila, akioga. Nikachoka. Nikamwambia ulikufa kwa homa, wiki moja na baba yake. Tuna kibao cha marehemu chenye jina lako nyumbani, pale penye ubani, na kila asubuhi anakuwekea wali. Leo asubuhi amekuwekea."

Ine aliinua kichwa. Kitu kilichopita kifuani mwake hakikuwa hasira wala furaha, kilikuwa kasi tu, kama injini mbili za mlimani zimefunguliwa pamoja.

"Mimi sina uso wa kumwambia," Bi Otsune akasema. "Wewe unao. Mwambie mwenyewe."

Akaufungua mkono wake, akamwachia mtoto.

Fusa alibaki katikati. Vidole vilikuwa na kiazi. Aligeuka akalitazama pazia mbele, ambalo sasa lilikuwa jeupe na tupu, kisha akamtazama mwanamke aliyepiga magoti. Akatazama pazia tena. Akasogea hatua moja, akanyoosha mkono, akaugusa mtandio wa Ine na kuurudisha nyuma ili auone uso wote. Hakuogopa. Alikuwa mtoto wa wafanyabiashara, alitaka kuhakikisha bidhaa.

"Wewe," akauliza, "ndiye uliyekufa?"